Deni Lisilo Lako: Hotuba kwa Wakopaji wa Kigoma

Mheshimiwa mwenyekiti, wazee wetu wa Ujiji, mama zangu wa mawese na dagaa, ndugu zangu wavuvi wenye vipe, vyombo vya kuvulia dagaa, wa Kibirizi na Katonga, vijana wa bodaboda mlioegesha hapo nje mkaingia: mwakeye. Na kwa mliotoka swalani moja kwa moja kuja hapa, assalaam aleikum.

Wageni wanaokuja Kigoma kuzungumzia mikopo huwa na wimbo mmoja: rudisheni kwa wakati. Ni kweli, tena wahenga walishalimaliza, dawa ya deni kulipa. Lakini mimi ninayekaa kwenye meza ya msaada wa kisheria nakutana na watu ambao dawa hiyo haiwafai. Wameandikiwa deni ambalo hawakulikopa. Au walilikopa, wakalilipa likaisha, na bado linawafuata kila wanapoingia benki. Hao ndio nimekuja kuwasemea, kwa sababu wengi wao huondoka pale dirishani kimya kimya, wameona aibu, wakidhani kosa ni lao.

Tuelewane kwanza juu ya kinachotokea ukikaa mbele ya ofisa mikopo. Unatoa kitambulisho cha taifa cha NIDA, unajaza fomu, na mahali fulani kwenye fomu hiyo unaweka sahihi kwamba umekubali taarifa zako zitazamwe na zipelekwe. Wengi tunasaini bila kusoma. Kuanzia hapo kiasi ulichochukua, marejesho uliyofanya na siku ulizochelewa vinapelekwa kwenye kanzidata ya taarifa za wakopaji iliyo chini ya Benki Kuu ya Tanzania. Kanuni zilizoweka utaratibu huo ni za mwaka 2012. Zipo pia kampuni binafsi zilizopewa leseni na Benki Kuu, kama Creditinfo Tanzania na Dun & Bradstreet, ambazo kazi yake ni kuzipanga taarifa hizo na kumpa mkopeshaji ripoti ya mtu anayetaka kukopa. Ofisa anabonyeza, ripoti inafunguka. Wewe uliyekaa mbele yake huioni. Unasubiri kuambiwa ndiyo au hapana.

Sina ugomvi na utaratibu wenyewe. Mama asiye na kiwanja wala nyumba ya kuweka rehani, lakini amekopa mara nne na mara nne amelipa, historia hiyo ndiyo dhamana yake, na mimi nataka iandikwe na isomwe. Ninachokataa ni ripoti ya uongo inayotembea bila mtu wa kuijibia.

Kuna mama mmoja wa upande wa Mwandiga, jina lake nalihifadhi, anafanya biashara ya mawese. Wenye biashara hiyo mnajua: msimu wa michikichi ukikolea ndipo unaponunua madumu kwa bei ya chini, ukaweka, ukauza bei ikipanda. Asiye na mtaji wakati huo amekosa mwaka mzima. Alikwenda kuomba mkopo mahali alipokwisha kukopa na kulipa zamani. Akaambiwa, “Mama, mfumo umekukataa.” Akauliza kwa nini. Akaambiwa, “Mfumo ndivyo unavyosema.”

Ndugu zangu, mfumo haumkatai mtu. Kuna mtu aliandika kitu, na kuna mtu mwingine alikisoma akakiamini. Tulipofuatilia tukakuta mkopo uliochukuliwa wilaya nyingine na mwanamke mwenye majina mawili yaleyale, la kwake na la baba yake, ukaachwa bila kulipwa. Mtu fulani ofisini aliulinganisha kwa majina akaridhika. Na majina yetu mnayajua! Simama hapa soko la Mwanga uite Mwajuma Ramadhani, uone watageuka wangapi. Tunaitwa kwa jina letu na la baba, baba naye kaitwa jina la babu, na majina yenyewe ni yaleyale yanayozunguka kutoka Ujiji mpaka Kasulu. Anayelinganisha watu wa Kigoma kwa majina mawili peke yake hajafanya kazi. Namba ya NIDA ipo, tarehe ya kuzaliwa ipo, kijiji kipo, simu ipo. Kuacha kuvitazama vyote hivyo ni uzembe, na uzembe unaomuumiza mtu una jina lake mahakamani.

Kosa la mama yule lilirekebishwa mwishoni, baada ya barua. Lakini msimu ulikuwa umepita. Nilipomuuliza kama yuko tayari kudai fidia, akaniuliza swali ambalo ndilo kiini cha maneno yangu leo: “Nitathibitisha vipi?” Alikataliwa kwa mdomo. Hakuna aliyempa karatasi.

Hapo naomba niwapeleke mbali kidogo, Marekani, kwa sababu wenzetu wale wamekuwa wakizishtaki kampuni za namna hii kwa zaidi ya miaka hamsini, na kesi zao zina mengi ya kutufaa. Bunge lao lilipitisha sheria ya ripoti za wakopaji mwaka 1970. Sheria hiyo inaitaka kampuni ifuate taratibu za busara kuhakikisha ripoti ni sahihi kwa kadiri inavyowezekana. Ukipinga jambo, kampuni ina siku 30 kwa kawaida kulichunguza. Ikivunja sheria kwa makusudi, mahakama inaweza kukupa kati ya dola 100 na dola 1,000 hata kama huwezi kuonyesha hasara kwa hesabu, na juu yake adhabu, na gharama za wakili wako ikalipa kampuni. Hilo la wakili ni kubwa, maana ndilo linalomwezesha mtu wa kawaida kupata mtetezi mbele ya kampuni tatu kubwa sana: Equifax, Experian na TransUnion.

Na makosa yapo. Tume ya Biashara ya serikali yao ilichunguza na mwaka 2013 ikatangaza kwamba mlaji mmoja kati ya watano alikuwa na kosa walau kwenye ripoti moja kati ya zile tatu anazoandikiwa na kampuni hizo. Hiyo ni nchi yenye kompyuta kila ofisi na namba ya utambulisho kwa karibu kila mtu.

Sikilizeni habari ya Julie Miller wa jimbo la Oregon. Ripoti yake kwa Equifax ilichanganywa na ya mwanamke mwingine mwenye jina kama lake. Madeni ya mwenziwe yakawa yake. Aligundua aliponyimwa mkopo benki mwaka 2009. Akaandika, akatuma vielelezo, akapiga simu, akaandika tena, kwa miaka miwili. Kampuni nyingine zilirekebisha, ile haikurekebisha. Akashtaki. Mwaka 2013 baraza la wananchi mahakamani likampa zaidi ya dola milioni 18, karibu zote zikiwa ni adhabu kwa kampuni. Baadaye jaji aliipunguza ile adhabu ikawa dola milioni 1.62. Tazama kilichomfikisha pale. Kuchanganywa jina kunaweza kumpata yeyote. Lakini mtu akakuandikia mara kwa mara, ukapokea, ukanyamaza, hapo baraza lilikasirika. Na lilikasirika kwa sababu barua zilikuwepo.

Ya pili ni ya mama mwingine, Sandra Cortez. Mwaka 2005 alikwenda kununua gari mjini Denver. Ripoti yake ya TransUnion ikaja na onyo kwamba jina lake linafanana na jina lililo kwenye orodha ya serikali ya watu wasioruhusiwa kufanya biashara na Marekani, magaidi na wauza dawa za kulevya. Aliyekuwa kwenye orodha ni mwanamke wa Kolombia, mwenye jina linalokaribiana, tarehe ya kuzaliwa tofauti. Alipoilalamikia kampuni akaambiwa hakuna kitu kama hicho kwenye faili lake. Yaani wauzaji wanakiona, mwenye faili anaambiwa hakipo! Alishtaki, akashinda, na mwaka 2010 mahakama ya rufaa ikathibitisha ushindi wake.

Ungetarajia kampuni ikome. Februari 2011, miezi michache tu baadaye, bwana Sergio Ramirez alikwenda na mkewe na mkwewe kununua gari Dublin, jimbo la California. Muuzaji akatoa ripoti ya TransUnion, akamwambia hawezi kumuuzia kwa sababu jina lake liko kwenye orodha ya magaidi. Mbele ya mkewe. Mbele ya baba mkwe. Gari likaandikwa kwa jina la mke. Na kwa nini? Kwa sababu programu ya kampuni ililinganisha jina la kwanza na la mwisho, basi. Haikutazama hata tarehe ya kuzaliwa.

Ramirez alishtaki kwa niaba yake na ya watu wengine waliowekewa onyo la namna hiyo, jumla wakawa 8,185. Baraza likawapa zaidi ya dola milioni 60. Kampuni ikakata rufaa mpaka Mahakama ya Juu kabisa, na Juni 2021 majaji watano dhidi ya wanne wakasema hivi: watu 1,853 ambao ripoti zao zilipelekwa kwa wakopeshaji wamedhurika, hao wana haki ya kudai. Wale 6,332 ambao onyo la uongo lilikaa ndani ya faili tu, hakuna mkopeshaji aliyethibitishwa kulisoma, hawana madhara ya kuwaleta mahakamani.

Mimi siukubali uamuzi ule. Mtu kuandikwa gaidi kwenye faili linaloweza kufunguliwa wakati wowote ni madhara tayari, na majaji wanne waliupinga, mmoja wao akiandika kwamba Bunge likishampa mtu haki, kuivunja haki hiyo kunatosha. Lakini nikubali nisikubali, swali lile la majaji watano ndilo wakili wa upande wa pili atakalokuuliza popote, hata hapa Kigoma: nani aliisoma ripoti hiyo, lini, na wewe ulipoteza nini? Mama yangu wa mawese angeulizwa hivyohivyo.

Sasa turudi kwetu. Sisi tuna nini mkononi? Tuna zile kanuni za Benki Kuu, zinazomtambua mkopaji kuwa ana haki ya kuiona ripoti yake na kupinga kisicho sahihi. Na sasa tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, pamoja na Tume ya kuisimamia. Nawaomba mliosoma mkaisome, ipo kwa Kiswahili. Inasema taarifa zako ni zako: unaweza kumtaka anayezishika akuambie anazo zipi, unaweza kutaka zirekebishwe au zifutwe zikiwa si sahihi, na ukipata madhara kwa sababu ya kuvunjwa kwa sheria hiyo unaweza kudai fidia. Iko haki moja humo ambayo watu hawaijui kabisa: uamuzi unaokugusa kwa uzito usifanywe na mashine peke yake. Kwa hiyo siku ukiambiwa “mfumo umekukataa”, jibu lako kwa adabu ni, “Naomba mtu alitazame faili langu, na naomba majibu kwa maandishi.”

Njia ya malalamiko huanzia kwa mkopeshaji aliyepeleka taarifa, kwa sababu mara nyingi uchafu umeanzia hapo. Nakala unaipeleka kwa kampuni iliyotoa ripoti. Wakinyamaza, Benki Kuu wana dawati la malalamiko ya wateja wa benki, lakini watakuuliza kama ulianzia benki yako. Kwa upande wa taarifa zenyewe unakwenda kwenye Tume, nayo inaweza kuchunguza na kuamuru. Mahakama ipo mwisho wa njia hiyo, na tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 lugha ya mahakama zetu ni Kiswahili. Mwenye kuogopa mahakama kwa ajili ya Kiingereza aiondoe hofu hiyo.

Lipo jambo letu wenyewe la Kigoma ambalo lazima nilitaje, hata kama ni zito. Mkoa wetu uko mpakani, na kupata kitambulisho cha taifa huku kumekuwa na maswali mengi kuliko mikoa mingine. Kwa hiyo ndugu amemsajilia ndugu laini, mama amemsajilia mwanawe, jirani amemsaidia jirani. Tumefanya kwa huruma. Lakini mikopo ya simu inafuata laini, na laini inafuata kitambulisho. Kijana akichukua mkopo kwa laini uliyomsajilia, akavunja laini akaenda zake Mpanda, deni limebaki kwa mwenye namba ya NIDA. Hapo huna kesi nyepesi, kwa sababu kumbukumbu inasema ni wewe. Piga *106# leo uone ni laini zipi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Usiyoitambua, nenda ofisi ya mtandao huo ukaifunge, na uandikiwe kwamba umeifunga.

Zile programu za simu zinazokopesha kwa siku saba na kutuma ujumbe wa matusi kwa kila mtu aliye kwenye simu yako ni jambo jingine kabisa. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majina ya 69 zinazofanya kazi bila leseni. Kuwaanika watu mbele ya wakwe zao kwa deni la elfu thelathini ni kuvunja Sheria ya Taarifa Binafsi waziwazi, na ujumbe wenyewe ndio ushahidi. Msiufute kwa aibu. Wenzetu wa Kenya, mwaka 2020, waliwazuia wakopeshaji wa kidijitali wasiosimamiwa kupeleka majina ya watu kwenye kampuni za taarifa, na wakasema mtu asiandikwe kwa deni lisilofika shilingi elfu moja ya kwao. Nataka wabunge wetu walisikie hilo la kiwango, kwa sababu si haki mvuvi akose mkopo wa injini kwa ajili ya kadeni ka vocha.

Wenye vipe, najua mnataka kuniuliza habari ya mwaka 2024, ziwa lilipofungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Wengi mlikuwa na marejesho ya kila wiki, na miezi mitatu hakukuwa na dagaa wa kuuza. Ucheleweshaji ukaandikwa. Nitasema ukweli hata kama hautapendeza: kama ulichelewa na imeandikwa ulichelewa, ripoti hiyo si ya uongo, na mwanasheria atakayekuambia ushtaki anataka hela yako. Lakini kama mkopeshaji alikubali kusogeza marejesho mpaka ziwa lifunguliwe, kisha akakuripoti kuwa ulishindwa kulipa, hiyo ni kesi. Tatizo ni kwamba wengi mlikubaliana mwaloni, kwa mdomo, na ofisa ambaye sasa amehamishiwa Sumbawanga.

Mali bila daftari hupotea bila habari, na heshima ya mkopaji nayo ni mali. Ukimaliza mkopo usiondoke bila barua ya kumaliza deni yenye muhuri na tarehe. Ukiandika malalamiko, andika nakala mbili, moja wapokee, nyingine wagonge muhuri wa kupokea, hiyo ndiyo yako. Ukikataliwa mkopo, omba sababu kwa maandishi. Wakigoma, andika wewe barua siku hiyohiyo: nilikuja tarehe fulani, nikahudumiwa na fulani, nikaambiwa hivi. Na hasara iandikwe ikiwa bado moto: ulikuwa ununue madumu mangapi, kwa nani, kwa bei gani, na bei ilifika wapi baadaye. Muuzaji aliyekuwekea mzigo akaushusha kwa mwingine, mwombe akuandikie mistari miwili aweke sahihi. Mama wa Mwandiga angekuwa na karatasi hizo, leo ningekuwa nawasimulia hukumu yake badala ya hukumu za Oregon na California. Nalisema hilo kwa uchungu, maana haki alikuwa nayo.

Huduma ya msaada wa kisheria ni bure kwa asiyeweza kulipa, sheria ya mwaka 2017 inasema hivyo, kwa hiyo mtu asikutoze hela ya kuandikiwa barua ukapewa jina la msaada. Meza yetu ni ile ya mlangoni. Wenye barua wazilete zenyewe, siyo picha iliyopigwa na simu, pamoja na namba ya NIDA na risiti za marejesho kama zipo. Waliokataliwa mkopo wiki hii waje wa kwanza, kwa sababu kesho asubuhi tunaweza kwenda nao benki kabla ofisa aliyewahudumia hajasahau alichowaambia.

Maswali sasa. Mama pale nyuma umeinua mkono tangu nilipotaja laini za simu, anza wewe.